Laptopu ya kazi ya mwaka 2030: je, itafunguka?

Januari 2025, kwenye maonyesho ya teknolojia ya Las Vegas, Lenovo walileta laptopu ya ThinkBook Plus ambayo kioo chake kinarefuka. Unabonyeza kitufe, mota ndogo inaanza kuzunguka, na kioo cha inchi 14 kinapanda juu polepole hadi kufikia inchi 16.7. Bei ilitangazwa kuanzia dola 3,500 hivi. Video zake zilizagaa kila mahali, na wengi wakasema kompyuta ya kazi ya kesho ndiyo hiyo.

Sikubaliani nao. Kioo cha namna hiyo kina mota, reli na tabaka jembamba linalokunjwa na kukunjuliwa kila siku. Ukiviweka vyote hivyo kwenye mashine ambayo mwenyewe anaitegemea kwa riziki, umemwongezea sehemu za kuharibika. Mhandisi anayebeba kompyuta yake hadi saiti, kwenye saruji na kokoto, hahitaji mota ndani ya kioo. Ukitaka kujua laptopu ya kazi inaelekea wapi, igeuze ya leo utazame tumboni: ina skrubu ngapi, zinafunguka kwa bisibisi gani, na ukishaifungua ni kipi kinachomoka na kipi kimelehemiwa moja kwa moja kwenye bodi. Mvutano wa kweli kati ya watengenezaji, wanunuzi na sasa hata watunga sheria uko huko.

Ninaposema laptopu ya kazi nina maana ya zile zinazobuniwa kwa ajili ya ofisi na wataalamu: ThinkPad, EliteBook za HP, Latitude za Dell, ambazo tangu Januari 2025 Dell wameziita Dell Pro, na MacBook Pro za Apple. Ukoo wa ThinkPad ulianza Oktoba 1992, IBM walipotoa modeli ya 700C yenye kioo cha rangi cha inchi 10.4. Mbunifu wake, Mjerumani Richard Sapper, aliichora kama boksi jeusi lisilo na mapambo, ambalo siri yake unaiona ukishalifunua. Zaidi ya miaka 30 baadaye, sura hiyo bado ipo. Kwenye soko hili umbo hubadilika taratibu sana, kwa sababu mnunuzi wake anataka kazi iende.

Apple walilijifunza hilo kwa gharama. Mwaka 2016 walitoa MacBook Pro nyembamba kuliko zilizotangulia. Waliondoa tundu la HDMI, tundu la kadi ya SD na chaja ya sumaku. Juu ya kibodi waliweka ukanda wa kugusa mahali pa vitufe vya kawaida. Vitufe vyenyewe vilikuwa vya mtindo wa kipepeo, vinavyobonyea kwa chini ya milimita moja, na punje ya vumbi ikiingia chini yake, herufi ilijiandika mara mbili au ikagoma kabisa. Juni 2018 walianzisha mpango wa kuzitengeneza bure, na mwaka 2022 wakakubali kulipa dola milioni 50 kumaliza kesi iliyofunguliwa Marekani. Kibodi ya mtindo wa zamani ilirudi Novemba 2019. Oktoba 2021 vikafuata HDMI, kadi ya SD na sumaku, na ule ukanda ukaondoka. Mashine kubwa ya 2021 ilikuwa nene zaidi, nayo ilikuwa na uzito wa kilo 2.1, wakati ile ya 2016 ilikuwa na kilo 1.83. Wapiga picha na wahariri wa video hawakulalamikia uzito. Walishangilia. Kwa hiyo utabiri wangu wa kwanza hauna mbwembwe: laptopu ya kazi haitaendelea kukonda. Mbio hizo zimekwisha.

Betri nayo ina dari yake, na dari hiyo imewekwa na usafiri wa anga. Betri ya lithiamu ikishika moto ndani ya ndege ni hatari kubwa, ndiyo maana abiria anaruhusiwa kupanda na betri isiyozidi wati-saa 100 bila kuomba kibali. Ikizidi hapo hadi 160, lazima shirika la ndege limkubalie. Hii ndiyo sababu laptopu kubwa za kazi zina betri ya wati-saa 99 na vipointi. Watu husikia habari za betri mpya za silikoni na kaboni, ambazo simu za Kichina zilianza kuzitumia mwaka 2023, wakadhani laptopu zitakaa na chaji siku tatu. Kanuni ya ndege hupima nishati, haipimi ukubwa wala uzito. Betri bora ikija, laptopu kubwa itabaki na wati-saa zile zile, ila itapungua gramu kadhaa na kuacha nafasi ndani kwa ajili ya feni na mabomba ya shaba ya kupoza. Saa za ziada za kazi zitatoka kwenye chipu, kama ilivyoonekana Novemba 2020 Apple walipoanza kutumia chipu yao ya M1, kisha mwaka 2024 Qualcomm walipoleta Snapdragon X kwenye laptopu za Windows.

Sasa tuje kwenye RAM, maana hapa ndipo pazito.

Tangu miaka ya 1990 RAM ya laptopu imekuwa kijibao chembamba kinachoingia kwenye nafasi yake kwa mshazari. Ukikibonyeza chini, vibana viwili vya pembeni vinakishika. Fundi yeyote anaijua kazi hiyo. Ni ya dakika tano. Tatizo ni fizikia. Kati ya prosesa na RAM kuna njia nyembamba za shaba, na kadiri njia inavyorefuka na kupita kwenye maungio, ndivyo mawimbi yanavyochafuka na umeme unavyohitajika kuwa mwingi. Kasi ilipokuwa ndogo hilo halikusumbua. Kwa kasi za leo linasumbua sana, ndiyo maana watengenezaji wakaanza kuilehemu RAM kwenye bodi, karibu kabisa na prosesa. Intel walikwenda mbali zaidi Septemba 2024: kwenye chipu zao za Lunar Lake waliiweka RAM ndani ya pakiti moja na prosesa, gigabaiti 16 au 32, basi. Wiki chache baadaye mkuu wao wa wakati huo, Pat Gelsinger, alisema mpangilio huo hautaendelea kwenye chipu zinazofuata.

Akili mnemba imeongeza shinikizo. Mei 2024 Microsoft walitangaza daraja la kompyuta za Copilot+, zenye RAM ya gigabaiti 16 kwenda juu na kichakataji maalumu chenye uwezo wa operesheni trilioni 40 kwa sekunde. Hizo trilioni ndizo hupambwa kwenye matangazo, lakini kwa mtu anayetaka kuendesha modeli ya lugha ndani ya laptopu yake bila intaneti, cha kuangalia ni RAM. Tupige hesabu. Modeli yenye vigezo bilioni 70, kila kigezo kikibanwa hadi biti 4, inakula gigabaiti 35. Ili kutoa kila kipande cha neno, mashine hulazimika kuisoma modeli karibu yote. Ikiwa RAM inasomeka kwa gigabaiti 100 kwa sekunde, utapata vipande visivyofika vitatu kwa sekunde. Mtu anaongea haraka kuliko hapo. Anayetaka akili mnemba ya nguvu mezani kwake anahitaji RAM nyingi na ya kasi kubwa, na kwa sasa njia rahisi ya kuipata ni kuilehemu.

Hata Framework walikubali. Hii ni kampuni ya Marekani iliyoanza kuuza laptopu mwaka 2021 kwa ahadi kwamba mnunuzi ataweza kubadilisha kila kitu mwenyewe, kuanzia kioo hadi bodi kuu. Mwaka 2025 walipotoa kompyuta ya mezani yenye chipu kubwa ya AMD, RAM yake ilikuwa imelehemiwa. Walieleza kwamba waliwaomba AMD watafute njia ya kuifanya ichomoke, ikajaribiwa, mawimbi yakagoma. Walioahidi kwamba kila kitu kitabadilishika wamelehemu. Kwa watengenezaji wengine tutarajie zaidi ya hayo.

Hata hivyo ipo njia ya tatu, na mimi ndiyo ninayoiwekea matumaini. Mwaka 2022 Dell walitoa laptopu ya Precision 7670 yenye RAM ya umbo jipya waliloliita CAMM: kibao bapa kinacholala juu ya bodi na kugusana nayo kwa mamia ya ncha ndogo, kwa hiyo njia za shaba zinakuwa fupi. Desemba 2023 chombo cha viwango cha JEDEC kiliifanya CAMM2 kuwa kiwango cha wote. Ndugu yake, LPCAMM2, hutumia RAM ya aina ile ile inayolehemiwa kwenye laptopu nyembamba, isipokuwa yenyewe inafunguliwa. Mwaka 2024 ThinkPad P1 ya kizazi cha saba ilikuja nayo. Unafungua kifuniko cha chini, unalegeza skrubu tatu, unainua kibao, unaweka kingine chenye gigabaiti nyingi zaidi. Kwangu mimi, kibao hicho kina uzito kuliko vioo vyote vinavyokunjwa na kurefushwa.

Wasiwasi wangu uko kwenye upatikanaji. Vibao hivyo bado ni vichache na bei yake ni ya juu, na vituo vya data vya akili mnemba vinanyonya RAM ya dunia. Desemba 2025 Micron walitangaza kuachana na chapa yao ya Crucial, ambayo mafundi wengi wameitegemea na ambayo ilikuwa miongoni mwa za kwanza kuuza LPCAMM2 kwa mtu wa kawaida. Nafasi ya kuongeza RAM bila RAM ya kununua haimsaidii mtu.

Sheria inasukuma upande mwingine. Umoja wa Ulaya umeamua kwamba laptopu zinazouzwa kwao kuanzia 28 Aprili 2026 zichajiwe kwa USB-C. Halafu kuanzia 18 Februari 2027, betri za vifaa vya kubebeka ziwe ambazo mtumiaji anaweza kuzitoa na kuzibadilisha mwenyewe. Nchini Marekani, jimbo la Oregon lilipitisha sheria mwaka 2024 inayozuia ule mtindo wa kufunga vipuri kwa programu, ambapo mashine hukataa kipuri halisi kwa sababu tu hakijasajiliwa kiwandani. Ni vigumu kwa kampuni kutengeneza umbo moja kwa ajili ya Berlin na jingine kwa ajili ya Nairobi. Kinachoamuliwa Brussels kitatufikia huku ndani ya boksi.

Na kitatufikia kwa mlango wa pili pia, ule wa mitumba. Laptopu nyingi za kazi zinazouzwa Kariakoo, Luthuli Avenue au Kampala zilianzia kwenye ofisi za Ulaya, Marekani na Ghuba, zikatumika miaka mitatu hadi mitano, ndipo zikaja kwetu. Mashine inayochorwa mwaka huu ndiyo mwanafunzi wa Dodoma atakayoinunua 2031. Angalia ThinkPad T480 ya mwaka 2018. Ina nafasi mbili za RAM, na betri mbili: moja ndani, nyingine nje. Ile ya nje unasogeza vibana viwili kwa vidole gumba inatoka, unaingiza nyingine, huku kompyuta ikiendelea kuwaka kwa ile ya ndani. Ndiyo maana bado inatafutwa. Mrithi wake, T490 ya 2019, alikuja na betri moja ya ndani na sehemu ya RAM ikiwa imelehemiwa. Miaka mitano baadaye upepo ukageuka: T14 ya kizazi cha tano, mwaka 2024, ilirudi na nafasi mbili za RAM, na wataalamu wa iFixit wakaipa alama 9 kati ya 10 kwa urahisi wa kuitengeneza.

Kwa hiyo naona njia zikigawanyika. Mashine za nguvu, za video na akili mnemba, zitakuwa na RAM isiyochomoka, na anayezinunua anunue ya kumtosha tangu siku ya kwanza. Laptopu za kawaida za ofisi zitafunguka kuliko zilivyofunguka miaka mitano iliyopita: betri ya skrubu chache, RAM ya kuchomoa au LPCAMM2, tundu la chaja linalobadilishwa peke yake bila kugusa bodi kuu. Vioo vitaboreka kwa OLED ya tabaka mbili, inayotoa mwanga mkali bila kuungua mapema. Vya kukunjwa vitabaki kwa wenye fedha za kujaribia.

Lakini hayo hayatakuja yenyewe. Watengenezaji hufuata oda kubwa. Vyuo vikuu, benki, halmashauri na wizara zinaponunua laptopu mia kwa mkupuo, ziandike kwenye tenda: RAM iongezeke, betri ibadilishwe bila gundi, vipuri vipatikane kwa miaka saba. Na wewe unayenunua moja kwa fedha yako, kabla hujauliza wembamba na rangi, uliza mambo mawili: RAM inachomoka, na betri ya kubadilisha inapatikana mjini? Muuzaji akishindwa kujibu, nenda duka la pili.