Panya Buku na Kumbukumbu ya Mahali

Mkulima wa Mlali, chini ya milima ya Uluguru, humjua panya buku kuwa mwizi wa mahindi: hutoka usiku, akajaza mifuko ya mashavu yake, akarejea shimoni pasipo kupotea, ilhali giza ni totoro. Lakini aghalabu hatujiulizi jinsi mnyama huyo anavyohifadhi njia yake, wala kwa nini kumbukumbu yake imefungamana mno na mahali.

Wanazuoni wameitafuta jawabu ndani ya ubongo. Mwaka 1971 John O'Keefe na Jonathan Dostrovsky walitoa habari za seli za hipokampasi, sehemu mojawapo ya ubongo wa panya, ambazo huamka mnyama afikapo mahali fulani na kutulia aondokapo. Na mwaka 2014 O'Keefe akatunukiwa Tuzo ya Nobel pamoja na May-Britt na Edvard Moser. Mwaka 1992 ikadhihirika kwamba panya aliyefundishwa kuhofu mlio uliofuatwa na mshtuko wa umeme, hipokampasi yake ikiharibiwa siku moja baada ya funzo, huendelea kuuogopa mlio, ila hakiogopi tena chumba alimopatia maumivu. Mlio hufungamanishwa na hofu katika sehemu nyingine ya ubongo, amigdala. Lakini chumba kizima, kwa kuta, sakafu na harufu yake, huhitaji hipokampasi ili kiwe kumbukumbu moja.

Maarifa hayo yana uzito mkubwa Morogoro. Shirika la APOPO, lililoasisiwa na Bart Weetjens wa Ubelgiji mwaka 1997, limeshirikiana na Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo tangu mwaka 2000 kuwafundisha panya buku kunusa TNT, baruti ya mabomu ya kutegwa ardhini. Panya kwanza huzoezwa kwamba mlio wa kibonyezo huleta ndizi; kisha hutafuta vichujio vidogo vya chai vilivyotiwa TNT na kufukiwa mchangani; hatimaye hupelekwa kwenye uwanja wa majani wenye mabomu yaliyokwisha kuzimwa. Kuhamishwa huko si anasa, kwani mwanafunzi anayefundishwa mahali pamoja tu huweza kushika mahali badala ya harufu, na akifika ugenini akawa kama hakufunzwa kamwe.

Magawa, panya aliyezaliwa Tanzania, alipelekwa Kambodia mwaka 2016, akagundua, katika kazi yake yote huko, mabomu ya ardhini na vilipuzi vingine zaidi ya 100; na mwaka 2020 akapewa nishani ya dhahabu na shirika la PDSA la Uingereza. Huko panya hupimwa upya kabla ya kuaminiwa uwanja wa hatari. Na kwa kuwa uwanjani hapo hakuna ajuaye bado kama chini mna bomu, panya hawezi kulipwa papo hapo, basi lazima aendelee kupewa mazoezi penye mabomu yanayojulikana, asije akajifunza kwamba mahali hapa harufu haina malipo.

Kwa hiyo tuwasifupo panya kwa pua zao, tusiwasahau wakufunzi wanaoyarudia mafunzo hayo kila uchao; na wenye kugharimia usafishaji wa ardhi wasizionee choyo siku za mazoezi, kwani gharama yake ni haba mno mbele ya mguu wa mtoto mmoja.