Huyo mbwa wa sokoni ana kwao

Ukishuka matatu pale Mayoni, kwenye barabara ya Mumias kuelekea Bungoma, tupa jicho karibu na bucha. Utamwona. Mbwa wa kahawia, mbavu unazihesabu, anangoja mfupa huku akichunga jiwe litatoka upande gani. Uliza ni wa nani, utaambiwa, "Huyo ni wa soko tu."

Zii. Hakuna mbwa wa soko. Kuna boma alikozaliwa, na kuna mtu aliyemtoa huko.

Najua kwa sababu huyo mtu niliwahi kuwa mimi. Nilikuwa darasa la sita. Mbwa wetu alizaa watoto sita. Majirani wakaja, wakachagua wawili wa kiume, wakaenda zao. Wakabaki majike wanne. Jike hatakiwi, eti ataleta madume bomani kisha akujazie watoto. Nikapewa gunia na baiskeli, nikaambiwa nipeleke mbali. Niliwaacha ndani ya shamba la miwa, nikarudi nikipiga kengele ya baiskeli njia nzima ndiyo nisisikie wakilia. Nyumbani hakuna aliyeniuliza kitu.

Miaka ikapita. Nikaenda Nairobi kusoma, koleji ikanishinda, nikabaki na muda mwingi kuliko pesa. Siku moja nikafika KSPCA, Karen, shirika la kutetea wanyama ambalo historia yake inaanzia mwaka wa 1910. Hapo ndipo mbwa waliotupwa, waliogongwa na magari na waliopigwa hupelekwa, wakatibiwa na kutafutiwa makao mapya.

Kama unadhani kazi ya mahali kama pale ni kubembeleza mbwa na kupiga selfi, pole. Asubuhi ni kuokota mavi na kuosha vizimba. Kisha chakula, kisha dawa kwa wagonjwa, ambao hukaa kando wasiambukize wengine. Kuna wa kutembezwa, na kuna yule anayejibana kwenye kona kwa sababu kila mkono ulioinuka mbele yake ulikuwa na fimbo. Huyo unakaa naye tu, kimya, hadi aje mwenyewe. Na simu hailali: mbwa amegongwa, punda amepakiwa mzigo hadi akaanguka.

Halafu kuna wanaokuja kuchukua mbwa. Nyumbani mtoto wa mbwa unapewa bure, unamfunga kamba unaenda. Pale unahojiwa kama unayetafuta kazi. Unaishi wapi? Una ua? Nani atamlisha ukisafiri? Mbwa huchanjwa na kukatwa uzazi, awe dume au jike. Mwanzoni niliona ni madharau ya watu wa Karen. Baadaye nikaelewa: ukimpa mbwa mtu asiyejipanga, atarudi, au atatupwa tena.

Sasa piga hesabu. Mbwa hubeba mimba kwa siku 63 hivi, na anaweza kuzaa mara mbili kwa mwaka. Mbwa mmoja akipata nyumba, kizimba kimoja kinabaki wazi. Gunia moja kama langu lingejaza vinne. Kwa mwendo huo, hata wajenge vizimba hadi Kakamega, havitatosha.

Ndiyo maana nakuambia kazi hii inaanzia kwenye boma lenu. Kutoka Mayoni hadi Karen ni safari ya usiku mzima, na hakuna makanga atakubali mbwa wako kwenye basi. Lakini daktari wa mifugo, yule anayekuja na pikipiki ng'ombe wenu akiugua, anaweza kumchanja mbwa pia. Muulize kuhusu kuhasi dume na kufunga kizazi cha jike.

Na usidhani haya ni mambo ya huruma tu. Serikali imekuwa ikikadiria kwamba kichaa cha mbwa huua hadi watu 2,000 kwa mwaka Kenya, na lengo ni vifo hivyo viishe ifikapo 2030. Dawa yake inajulikana: chanja angalau asilimia 70 ya mbwa, ugonjwa unakosa pa kupitia. Ukiumwa, osha kidonda kwa maji na sabuni dakika 15, kisha uende hospitalini siku hiyohiyo ukapate chanjo. Usingoje dalili. Zikishaonekana, karibu kila mgonjwa hufa.

Tena sheria ipo. Sura ya 360 inakataza kumtesa mnyama, na kumtelekeza mahali atakapoteseka ni sehemu ya ukatili huo.

Desemba iliyopita nilikuwa nyumbani. Nikakutana na kijana wa jirani akisukuma baiskeli, gunia kwenye keria, na gunia linacheza. Sikumhubiria. Nilimwambia tu alete hapa. Walikuwa watatu, wote majike, bila shaka. Mama alinuna siku mbili, kisha nikamkuta anawapa uji. Walipofikisha miezi mitatu wakachanjwa. Mmoja alichukuliwa na fundi wa baiskeli pale stejini, wa pili ndiye sasa analinda kuku wa mama.

Wa tatu bado hana kwake. Ana masikio makubwa na hapendi kengele ya baiskeli. Una ua?