Mlima Ulionunuliwa na Wateja Wake

Theluji na Watu Wake: Sehemu ya Nne

Michezo ya Olimpiki ya majira ya baridi iliyofanyika Milano na Cortina, Italia, Februari 2026, ilikuwa na mchezo uliochezwa kwa mara ya kwanza katika mashindano hayo: mwanamichezo anapanda mlima wa theluji kwa nguvu zake mwenyewe, kisha anateremka kwa skii. Baadhi ya magazeti yalizungumzia jambo hilo kana kwamba ni uvumbuzi wa vijana wa leo. Wasomaji waliofuatana nami tangu sehemu ya kwanza wanajua kwamba hivyo ndivyo skii ilivyozaliwa. Sondre Norheim wa Morgedal, yule mtu maskini wa Norway aliyefunga skii zake kwa vijiti laini vilivyosokotwa kuzunguka kisigino, hakuwa na mashine ya kumfikisha kileleni. Kila mteremko aliufurahia baada ya kuulipia kwa jasho.

Mashine ya kupandisha watu ilikuja baadaye, na nyuma yake zikaja tiketi, kampuni na foleni. Ndiyo maana leo nataka tuizungumzie mashine hiyo, na pamoja nayo mlima mmoja mdogo wa jimbo la Vermont, Marekani, uitwao Mad River Glen. Mlima huo umebaki mtulivu na wa bei ya wastani kwa sababu watu waliamua ubaki hivyo.

Mashine ya kwanza ilijengwa na mwenye nyumba ya wageni. Mwaka 1908, katika kijiji cha Schollach kwenye Msitu Mweusi wa Ujerumani, Robert Winterhalder alifunga kamba kwenye kinu chake cha maji ili iwavute wageni wake kupanda kilima. Vermont ilisubiri hadi tarehe 28 Januari 1934, siku ambayo kamba ndefu iliyoungwa kwa injini ya gari la Ford Model T ilianza kuzunguka katika shamba la Gilbert huko Woodstock. Mtelezaji aliikamata kwa mikono, nayo ikamburuta hadi juu. Iliumiza mabega na kumaliza glavu, lakini fikirini ilihitaji nini: kamba, magurudumu machache na injini ya gari kuukuu. Mkulima yeyote mwenye kilima na fundi mzuri aliweza kufungua kituo cha skii nyuma ya zizi lake. Ndivyo vilivyozaliwa mamia ya vituo vidogo katika majimbo ya kaskazini-mashariki ya Marekani, ambako watoto wa kijiji waliteleza baada ya shule kwa senti chache.

Desemba mwaka huohuo, Davos, Uswisi, mhandisi Ernst Constam akatengeneza mashine bora zaidi, yenye fimbo ya kumsukuma mtelezaji kutoka nyuma. Kisha kikaja kiti, na hapa ndugu zangu wa Bukoba na Rungwe wasikilize kwa makini. Mwaka 1936 kampuni ya reli ya Union Pacific, iliyoongozwa na Averell Harriman, ilikuwa ikijenga kituo cha fahari cha Sun Valley, jimbo la Idaho, ili ipate abiria wa treni zake. Mhandisi wake, James Curran, alikuwa amewahi kushughulikia mitambo ya kupakia ndizi melini katika nchi za joto, ambapo mikungu ilining'inizwa kwenye ndoano zilizokuwa zikitembea kwenye waya. Akaondoa ndoano, akaweka viti. Kwa hiyo kila tajiri anayepandishwa leo katika milima ya Alpi akiwa amekaa, miguu ikining'inia hewani, amekalia wazo lililoanzia kwenye mkungu wa ndizi. Nimelipenda jambo hili tangu nilipolisoma kwa mara ya kwanza, kwa kuwa linatuonyesha kwamba maarifa ya kazi za mikono husafiri mbali kuliko majivuno ya wenye mali.

Lakini kiti kilibadilisha uchumi wa mchezo. Nguzo za chuma, waya mzito, mota na mafundi wa kudumu si vitu vya mkulima mmoja. Anayetoa fedha nyingi hutaka zirudi, na ili zirudi anahitaji watu wengi, kisha hoteli za watu hao, kisha viwanja vya kuwauzia nyumba. Mlima unageuka kuwa chambo cha biashara ya ardhi.

Roland Palmedo aliliona hilo mapema. Alikuwa mtu wa fedha wa New York aliyependa skii kwa moyo wote, na alishiriki kuleta lifti ya viti katika mlima Mansfield, Stowe, mwaka 1940. Biashara ilipozidi kushika nafasi ya mchezo, akaondoka na kutafuta mlima mwingine. Akaupata General Stark, karibu na kijiji cha Fayston, na mwaka 1948 akafungua Mad River Glen. Kilele chake kina urefu wa mita 1,100 hivi kutoka usawa wa bahari, chini hata ya mji wa Arusha, ingawa mteremko wake ni mkali na unashuka zaidi ya mita 600. Njia zake zilikatwa nyembamba, zikifuata mikunjo ya mlima ndani ya msitu. Palmedo akaweka lifti ya kiti kimoja kimoja: mtu mmoja, kiti kimoja.

Kiti hicho ndicho siri ya utulivu wa mahali pale. Lifti za kisasa zenye viti sita au vinane kwa safu zinaweza kupeleka juu watu zaidi ya 3,000 kwa saa. Ile ya Palmedo hupeleka mia tano hivi. Wanaolalamika wanasema unasubiri muda mrefu chini. Ni kweli. Lakini idadi ya watu kwenye miteremko haiwezi kuzidi idadi ya waliopandishwa, na mtu anapofika kileleni anakuta nafasi, hana hofu ya kugongwa, na theluji haijakwanguliwa hadi barafu. Subira ya chini inalipwa kwa uhuru wa juu. Kipimo cha watu kimejengwa ndani ya chombo chenyewe, na hakuna meneja anayeweza kukivunja siku ya sikukuu kwa tamaa ya mapato.

Mwaka 1972 mlima uliuzwa kwa kundi la wapenzi wake lililoongozwa na Truxton Pratt. Baada ya kifo chake, mjane wake, Betsy Pratt, aliuongoza kwa takriban miaka 20. Ulipofika wakati wa kupumzika hakutaka uangukie mikononi mwa wajenzi wa mahoteli, akawageukia watelezaji wenyewe. Tarehe 5 Desemba 1995 walianzisha ushirika na kuununua mlima: hisa 1,667, kila moja dola 1,500, jumla dola milioni mbili na nusu. Wanunuzi walikuwa watu waliokuwa wakipanga foleni pale kila Jumamosi, walimu, mafundi, madaktari na wastaafu. Ulikuwa ushirika wa kwanza wa watelezaji kumiliki kituo cha skii nchini Marekani.

Msomaji wa Tanzania asiusikie mfano huu kama habari ya mbali. Kanuni alizotumia mwanachama wa Vermont zinatoka kwa wale 28 wa Rochdale, Uingereza, waliofungua duka lao katika barabara ya Toad Lane mwezi Desemba 1844, wakauza unga, siagi na sukari kwa kipimo cha haki wakati wafanyabiashara wengine walichanganya unga na takataka. Kanuni hizohizo zilifika kwetu. Wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro walianzisha chama chao mwaka 1925, kikiongozwa na Joseph Merinyo, na mwaka 1933 kikafuatiwa na chama kikuu cha ushirika, KNCU, pale Moshi. Zilikuwa zimepita zaidi ya miaka 20 tangu Wajerumani wawili, Walter Furtwängler na Siegfried König, walipopanda Kibo mwaka 1912 na kuteremka sehemu ya theluji yake kwa skii. Barafu ya Furtwängler, karibu na kilele, ina jina la mmoja wao. Kwa hiyo skii iliufikia mlima wetu kabla ya ushirika, lakini ushirika ndio ulioacha shule, barabara, zahanati na majengo. Wageni wawili walipata simulizi nzuri. Wakulima walipata taasisi.

Nasi tuliupoteza ushirika kwa muda. Mwaka 1976 serikali ilivunja vyama vikuu vya ushirika, na ilibidi isubiriwe sheria ya 1982 kuvirudisha. Vingi vilirudi vikiwa na madeni na viongozi waliozoea kutumikia ofisi badala ya wanachama. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mimi naongeza kwamba hata daftari halitoshi ikiwa mwanachama haji mkutanoni kulisoma.

Wanachama wa Mad River Glen walikuja. Lifti ya Palmedo ilipochakaa, walijadili kwa kina: wanunue mpya ya viti viwili, au waikarabati ya zamani? Viti viwili vingefupisha foleni na kuongeza mapato. Wakachagua kuikarabati, kwa kuwa viti viwili vingeongeza watu kwenye miteremko na kuufuta utulivu uliowafanya wanunue hisa. Walichangishana, na mwaka 2007 kiti kimoja kimoja kikarudi kazini. Mwaka 2012 kituo kiliingizwa katika orodha ya taifa ya maeneo ya kihistoria ya Marekani. Bodi ya kampuni yenye wenye hisa wa soko la mitaji isingefanya uamuzi huo, hata kama kila mjumbe wake angependa skii. Katiba ya kampuni inamtaka atafute faida. Katiba ya ushirika huu inawataka wajumbe walinde msitu, njia na uchache wa watu.

Sitaki kuusifu kupita kiasi. Wanachama haohao wameendeleza marufuku ya ubao mmoja wa theluji, ule ambao vijana husimama juu yake ubavu, na hadi leo ni skii pekee zinazoruhusiwa. Naona hapo wamekosea. Ushirika unaomfungia mlango kijana kwa sababu ya chombo anachopenda umeanza kuchanganya kulinda mlima na kulinda mazoea. Ubinafsi wa wengi nao ni ubinafsi.

Wapo pia wanaodhani kwamba kidogo na rahisi maana yake ni dhaifu. Wawaangalie akina Cochran wa Richmond, Vermont hiyohiyo. Mwaka 1961 Mickey na Ginny Cochran waliweka kamba ya kuvuta nyuma ya nyumba yao ili watoto wao wateleze jioni baada ya shule. Watoto wote wanne walifika Olimpiki. Barbara Ann alishinda medali ya dhahabu ya slalomu huko Sapporo mwaka 1972 kwa tofauti ya sekunde 0.02, na miaka 50 baadaye, Beijing 2022, mwanawe Ryan Cochran-Siegle akapata medali ya fedha. Kilima hicho sasa kinaendeshwa na shirika lisilo la faida, na watoto wa jirani bado wanakitumia.

Hali ya leo nje ya vilima hivyo inajulikana. Katika baadhi ya vituo vikubwa vya Marekani, tiketi ya siku moja dirishani imepita dola 300, wakati Mad River Glen hutoza chini ya nusu ya hapo. Tarehe 27 Desemba 2024 waokoaji wa mlimani wa Park City, Utah, wapatao 200, waligoma wakidai mshahara wa kuanzia upande kutoka dola 21 hadi 23 kwa saa. Iliwachukua karibu wiki mbili kukubaliwa. Anayehatarisha maisha kutegua maporomoko ya theluji alfajiri alidai dola mbili, mahali ambapo mgeni mmoja analipa zaidi ya 300 kwa kutwa. Juu ya hayo, theluji yenyewe inapungua. Mad River Glen hutegemea zaidi theluji ya mbinguni, jambo linaloshusha gharama zake na kuufanya msimu wake uwe mfupi mbingu zikikataa. Kibo, kati ya 1912 na 2007, ilipoteza takriban asilimia 85 ya eneo lake la barafu. Dhidi ya hilo katiba ya chama kimoja haitoshi.

Lakini somo la General Stark linabaki imara kwa yale yaliyo mikononi mwa watu. Mahali padogo, patulivu na pa bei nafuu hapadumu kwa bahati, wala kwa wema wa mmiliki mmoja, maana mmiliki huzeeka. Panadumu wanaopatumia wakipamiliki, wakiandika mpaka wa tamaa yao katika katiba, na wakihudhuria mkutano kila mwaka kuulinda mpaka huo, hata unapowagharimu saa nzima ya foleni. Wanachama wa vyama vyetu vya kahawa, korosho na pamba wanaosubiri wengine wawasomee hesabu wajiulize ni lini mara ya mwisho walinyoosha mkono mkutanoni na kuuliza swali.

Wiki ijayo tutavuka bahari hadi New Zealand, kwenye vilabu vya milima ya Craigieburn, ambako wanachama bado hupanda kwa kamba na kusafisha mabweni yao wenyewe.

Itaendelea.