Fahamu kinachoendesha ruta kubwa za intaneti

Mei 12, 2024, hitilafu kwenye nyaya za baharini za EASSy na Seacom ilidhoofisha intaneti Tanzania na nchi jirani. Lakini mawasiliano yanaweza kukatika hata waya ukiwa mzima, iwapo ruta, kifaa kinachoelekeza data, imezimika. Kwa Dodoma, makao makuu ya nchi yaliyounganishwa na Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano unaosimamiwa na Shirika la Mawasiliano Tanzania (TTCL), hili si jambo dogo.

Ndani kuna nini?

Ruta kubwa ni kabati lenye kadi nyingi. Kadi za laini hupokea na kupitisha data. Prosesa ya njia ndiyo ubongo: huwasiliana na ruta nyingine na kutunza orodha ya njia za intaneti, takriban milioni 1 kwa anwani za intaneti za toleo la nne (IPv4).

Kwa nini prosesa mbili?

Moja hufanya kazi, nyingine husubiri. Ya kwanza ikifa, ya pili hushika usukani huku kadi zikiendelea kupitisha data kwa njia zinazozijua tayari.

Mfumo endeshi hukaa wapi?

Faili lake huhifadhiwa kwenye memori ya flashi, isiyofutika umeme ukikatika. Ruta ikiwashwa, hulipakia kwenye memori ya muda. Faili likiharibika, ruta haiwaki ipasavyo.

Kwa hiyo taasisi inayonunua ruta iulize mapema: prosesa ya akiba ipo? Nakala ya pili ya mfumo imehifadhiwa wapi, na nani ameikagua?