Jifya Moja Haliinjiki Chungu: Jinsi Protini za Kirusi cha Ukambi Zinavyounganisha Seli

Utangulizi

Wahenga walinena kwamba jifya moja haliinjiki chungu. Aghalabu methali hii hutumiwa kuwahimiza watu washirikiane katika jambo la heri. Hata hivyo, ushirikiano huweza kuwa silaha ya adui pia. Makala haya yanafafanua jinsi kirusi cha ukambi, maradhi yaitwayo pia surua, kinavyotegemea protini mbili za utando wake ili kuingia katika seli za mwanadamu.

Mgawanyo wa Kazi

Kirusi hakiwezi kuzaana nje ya seli. Seli nayo imezungukwa na utando wa mafuta, na kirusi cha ukambi kimejifunika utando kama huo. Ili kiingie, sharti tando hizo mbili ziwe moja. Kazi hii imegawanywa baina ya protini H na protini F.

Protini H, ambayo hukaa nne nne, ndiyo inayonasa. Hutafuta kipokezi kinachoiafiki juu ya seli. Miongoni mwa vipokezi hivyo ni SLAM, kilicho juu ya baadhi ya seli za kinga, na nektini-4, kilicho kwenye seli za njia ya hewa. Protini F, ambayo hukaa tatu tatu, ndiyo inayounganisha. Huundwa ikiwa kitu kimoja, kisha kimeng'enya cha seli yenyewe huikata iwe vipande viwili vilivyoshikamana. Ikisha kukatwa, F huwa kama mtego uliotegwa: nguvu imo ndani yake, ila haijafyatuka.

H inaponasa kipokezi, umbo lake hubadilika, na badiliko hilo huifyatua F iliyo kando yake. F hunyooka, huchomeka ncha yake katika utando wa seli, kisha hujikunja mithili ya kisu cha kukunja. Kujikunja huko huzivuta tando mbili mpaka zikagusana na kuchanganyika. Tundu hufunguka, na maagizo ya urithi ya kirusi hupenya ndani.

Je, protini moja isingetosha? Majaribio ya maabara yamelijibu swali hili. Seli zinazotengeneza F pekee haziungani. Zinazotengeneza H pekee haziungani vilevile. Zinapotengeneza zote mbili, huungana na jirani zao zenye vipokezi. Kwa hivyo mafya ni matatu: H, F na kipokezi. La kusikitisha ni kwamba jifya la tatu hutolewa na mwathiriwa mwenyewe.

Athari Zake

Seli iliyoambukizwa hutengeneza H na F na kuzipanga juu ya utando wake. Hapo yenyewe hugeuka mnasaji, ikaziunganisha seli jirani na kuwa jitu moja lenye viini vingi. Seli za namna hii zilielezwa na Warthin na Finkeldey mnamo 1931. Kwa njia hii kirusi husambaa kutoka seli hadi seli bila kulazimika kutoka nje, ambako kingamwili huwa zinakisubiri.

Aidha, mara chache, kirusi husalia katika ubongo kwa miaka kadhaa baada ya mtoto kupona. Humo, protini F iliyobadilika huwa nyepesi kufyatuka, hata ikaweza kuunganisha seli za neva zisizo na vipokezi vya kawaida. Maradhi yatokanayo na hali hiyo huishia katika kifo karibu kila mara.

Hitimisho

Ushirikiano huu ndio nguvu ya kirusi, na ndio udhaifu wake. Chanjo ya ukambi, iliyoidhinishwa kwanza nchini Marekani mwaka 1963, huufunza mwili kutengeneza kingamwili, na nyingi kati ya zile zinazokizima kirusi hulenga protini H. H ikizuiwa kunasa kipokezi, F hubaki mtego usio na wa kuufyatua. Nchini Kenya, mtoto huchanjwa akiwa na miezi 9, kisha miezi 18. Mzazi aelezwapo jambo hili kwa Kiswahili kinachoeleweka, huitambua sindano hiyo kuwa ni mkono unaoondoa jifya moja chini ya chungu cha adui. Kuupata msamiati wa kumweleza hivyo ni kazi ya wasomi wa lugha sawa na ya wauguzi.