Kwa Nini Unga Usio na Gluteni Huipenda Mashine ya Wafo

Mtu anayenunua pakiti ya unga wa pankeki usio na gluteni kwa mara ya kwanza huwa na malalamiko mawili: pankeki zina chengachenga mdomoni, na zinameguka pindi anapozigeuza. Ana haki ya kulalamika. Tatizo ni kwamba ameupika unga huo kana kwamba ni wa ngano, na mara nyingi ndivyo pakiti yenyewe ilivyomwelekeza. Unga wa pankeki uliochanganywa tayari ulianza kuuzwa Marekani mwaka 1889, mjini St. Joseph, Missouri, ukiwa na ngano ndani yake, na tangu hapo mazoea ya ngano yamerithiwa hadi kwenye pakiti ambazo hazina hata punje yake.

Tukitazame kwanza kilichoondolewa. Ngano ina protini mbili, gliadini na glutenini. Unga ukipata maji na kukorogwa, protini hizo hushikana na kufanya utando unaovutika. Utando huo ndio gluteni. Ndio unaomwezesha mpishi wa chapati kulisukuma donge likawa jembamba bila kuchanika, na ndio unaoibana hewa ndani ya mkate hadi ukaumuka. Shayiri na rai zina protini za ukoo huohuo. Mchele, mahindi, mtama, ulezi, muhogo na viazi hazina. Kwa mkate, kuikosa gluteni ni pigo kubwa, na kwa pankeki ni usumbufu unaotibika. Kwa wafo, na hili nalisema baada ya miaka ya kushughulika na wanga wa nafaka, ni afadhali isiwepo kabisa. Nitalieleza hapo mbele.

Wapo wanaoiepuka gluteni kwa kupenda tu, lakini mimi nawaandikia zaidi wasio na hiari. Mgonjwa wa siliaki akila gluteni, kinga ya mwili wake hushambulia ukuta wa utumbo mwembamba, na vinyweleo vinavyofyonza chakula hulala na kufutika. Huja kuharisha, upungufu wa damu, kukonda, na kwa watoto kudumaa. Aliyeonyesha kwamba chanzo ni ngano ni daktari wa watoto wa Uholanzi, Willem Karel Dicke. Alikuwa akiishuku tangu miaka ya 1930. Kisha ikaja njaa kubwa ya majira ya baridi ya 1944 hadi 1945: Waholanzi walikosa mkate, na watoto wenye maradhi haya wakapata nafuu, ngano iliporudi, ugonjwa nao ukarudi. Tasnifu yake aliitoa mwaka 1950, na tiba haijabadilika hadi leo, yaani kuacha gluteni maisha yote. Ukijishuku, usiiache kabla ya kupimwa damu. Kipimo hutafuta kingamwili ambazo hupungua mtu akishaacha ngano, na majibu yanaweza kukudanganya kwamba huna ugonjwa.

Maneno “bila gluteni” kwenye pakiti yana kipimo nyuma yake. Codex Alimentarius, viwango vya chakula vya pamoja vya FAO na WHO, inataka gluteni isizidi miligramu 20 kwa kilo moja ya chakula. FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, ilipitisha kiwango kama hicho mwaka 2013, na Umoja wa Ulaya nao unakitumia. Pakiti inayosema “haina ngano” haijaahidi jambo hilohilo, kwa kuwa inaweza kuwa na shayiri. Mtego huu huwanasa wengi kwenye wafo hasa. Unga wa wafo unaotumika katika hoteli nyingi za Marekani hutiwa kimea cha shayiri ili uwe na ladha na harufu tamu, na kimea hicho kina gluteni. Oti nazo zisomwe kwa makini. Wagonjwa wengi huzimudu oti safi, lakini oti za kawaida hulimwa, husafirishwa na kusagwa pamoja na ngano, kwa hiyo tafuta zile zilizothibitishwa kuwa hazina gluteni.

Sasa geuza pakiti usome viungo. Mara nyingi cha kwanza ni unga wa mchele, kisha wanga wa viazi au wa muhogo, sukari, beking pauda, chumvi, na mwishoni kabisa zanthani. Baadhi ya viwanda huongeza unga wa mtama au wa mahindi, lozi zilizosagwa, au mtindi uliokaushwa. Hakuna hata kimoja kati ya viungo hivi kinachoweza peke yake kufanya kazi ya gluteni, ndiyo maana vimekusanywa vingi. Unga wa mchele ndio mwili. Wanga wa viazi na wa muhogo huvimba mapema jikoni na kushikisha. Yai, ambalo unalitia wewe, hukaza kwa moto na kuwa kiunzi. Zanthani huupa mchanganyiko uzito, ili viputo vya hewa visipande juu na kupotea. Hii zanthani huzalishwa na bakteria aitwaye Xanthomonas campestris, yuleyule anayeozesha kabichi shambani. Iligunduliwa katika maabara ya Wizara ya Kilimo ya Marekani iliyoko Peoria, Illinois, na kundi la watafiti alimokuwamo mwanakemia Allene Jeanes, na mwaka 1969 ikaruhusiwa kutiwa katika chakula nchini humo. Wasiougua siliaki hawamjui mwanamke huyu, na hata wanaougua ni wachache wanaomjua, ingawa hula matunda ya kazi yake kila asubuhi. Nakuomba tu usiongeze zanthani nyingine kwa kudhani pankeki zitashikana zaidi. Kiwanda kimeshapima, na ikizidi, chakula hunatanata kwenye meno.

Chengachenga zinatokana na mchele. Punje ya mchele ni ngumu, na hata ikisagwa laini kiasi gani, hubaki vipande vidogo ambavyo maji baridi huviingia polepole sana. Wanga wa mchele huanza kuvimba na kulainika joto likifika takriban nyuzi 70, mradi maji yawe yamekwisha kuufikia. Pankeki hukaa kwenye kikaangio dakika nne au tano tu. Kipande ambacho katikati bado kikavu wakati rojo linapomiminwa kitabaki kigumu hadi kwenye sahani. Kwa hiyo koroga, halafu liache rojo likae dakika 15 hadi 20. Kati ya mambo yote ninayoyaandika hapa, hili ndilo ningependa usilisahau. Wapishi wa vibibi na vitumbua wa Pwani yetu wamelitatua tatizo hili kwa njia yao: huloweka mchele saa nyingi, mara nyingi usiku kucha, ndipo wakausaga pamoja na tui la nazi. Maji huingia kabla ya kusaga, na kibibi kinatoka laini bila zanthani wala wanga wa viazi.

Wengi huogopa kwamba beking pauda itaisha nguvu wakati rojo likisubiri. Beking pauda ya siku hizi hutoa gesi mara mbili, kidogo inapolowa na sehemu kubwa inapopata moto, kwa hiyo dakika 20 haziidhuru. Usilikalishe usiku kucha tu. Rojo litakuwa zito zaidi likishakaa. Litie maziwa kijiko kimojakimoja hadi lidondoke taratibu kutoka kwenye mwiko. Na lile onyo la kwenye ngano, kwamba usikoroge sana na uyaache madonge, hapa halina maana. Linahusu gluteni, inayokazana kadiri inavyokorogwa. Kwa unga huu piga hadi madonge yote yaishe.

Kuhusu maziwa, niseme jambo kwa ajili ya waliogunduliwa ugonjwa karibuni. Utumbo ulioharibika hupoteza pia kimeng’enya cha kumeng’enya sukari ya maziwa, na maziwa huwasumbua wagonjwa wengi hadi utumbo utakapopona. Tui la nazi lililozimuliwa kidogo linatosha kabisa, na mafuta yake yanaufaa unga huu mkavu. Hakikisha tu kwamba pakiti yenyewe haina unga wa mtindi.

Kwenye kikaangio, kosa kubwa ni moto mkali. Mchele na wanga vina protini kidogo kuliko ngano, na rangi ya kahawia hutokana na protini kukutana na sukari kwenye joto. Pankeki za namna hii huchelewa kupata rangi. Mpishi akiona bado nyeupe huongeza moto, na matokeo yake ni ngozi iliyoungua juu ya tumbo bichi. Weka moto wa wastani, wa kulifanya tone la maji lirukeruke kabla ya kukauka. Mimina pankeki ndogo, zenye upana wa kiganja au chini ya hapo, kwa sababu hazina utando wa kuzibeba zinapogeuzwa. Usingoje viputo vijae juu kama ulivyozoea, maana zanthani huvizuia visipande. Tazama kingo: zikipoteza mng’ao na kukauka, ingiza mwiko bapa chini kabisa na ugeuze mara moja. Zikishaiva, zipumzishe dakika mbili kabla ya kula, wanga ukaze.

Nirudi kwenye wafo. Ugumu wa pankeki isiyo na gluteni ni kuisimamisha yenyewe bila kitu cha kuishika. Mashine ya wafo inaondoa ugumu huo: chuma kinaubana unga juu na chini, na vishimo vyake vinaupa umbo hadi ukaze. Chuma cha vitumbua kinafanya kazi hiyohiyo, na si bahati tu kwamba unga wa mchele umepata makazi humo miaka mingi. Zaidi ya hayo, kinachotakiwa kwenye wafo ni ganda linalovunjika kwa mlio. Gluteni hushika maji na kuvutika, ndiyo maana wafo za ngano hulegea na kuwa ngumu kutafuna dakika chache baada ya kutoka. Wanga wa mchele, wa viazi na wa muhogo ukikauka kwenye chuma cha moto huacha ganda jembamba lenye kukatika. Mtu ambaye hana tatizo lolote na ngano akionjeshwa wafo nzuri ya unga huu, huomba nyingine.

Lakini rojo la pankeki lisimiminwe tu ndani ya mashine. Pakiti nyingi zina vipimo viwili, kimoja cha pankeki na kingine cha wafo, na watu hukipuuza cha pili. Wafo zinahitaji mafuta zaidi, kijiko kimoja au viwili vya chakula kwa kila kikombe cha unga, na rojo zito kuliko la pankeki. Mafuta huchochea ukavu wa ganda na kuzuia kugandana na chuma. Ukiwa na nafasi, tenga ute wa yai na kiini, upige ute hadi usimame, kisha uuchanganye mwishoni kwa mkono mwepesi. Hewa uliyoiingiza humo itaziba pengo kubwa la gluteni. Pasha mashine hadi iive kweli, dakika tano zaidi ya pale taa yake inapokwambia tayari. Mimina, funga, na usifungue. Mvuke utatoka kwa wingi pembeni, kisha utapungua. Ukifungua mvuke ukiwa bado mwingi, wafo hupasuka katikati, nusu ikabaki juu na nusu chini, kwa kuwa ndani bado ni uji. Subiri mvuke ukaribie kukatika, ndipo ufungue. Ziweke juu ya waya, moja pembeni ya nyingine. Zikipangwa juu kwa juu, mvuke wa ya chini huilowesha ya juu na ganda lote linapotea.

Mashine hiyohiyo ndiyo yenye hatari kubwa kwa mgonjwa wa siliaki. Kikaangio laini cha chuma unaweza kukisugua hadi kikatakata, lakini mashine ya wafo ina kona na mifereji, haizamishwi majini, na mabaki ya rojo la ngano hujificha humo na kuungua miezi mingi. Kwa nyumba yenye mgonjwa, mashine iliyowahi kupika ngano isitumike kumpikia. Nunua nyingine na uitie alama. Hotelini, pale wageni wanapojipikia wafo wenyewe, mwambie mgonjwa wako aipite meza hiyo, hata kama pakiti ya unga usio na gluteni imewekwa kando kwa wema. Mwiko wa mbao na siagi iliyochotwa kwa kisu chenye makombo ya mkate navyo viko katika fungu hilo.

Wafo za unga huu huchakaa haraka, kwani wanga ulioiva ukipoa hujipanga upya na kuwa mgumu, na friji huuharakisha mgeuko huo. Zisizolika siku hiyo ziache zipoe kabisa, zigandishe kwenye friza zikiwa zimetandazwa, kisha zitie kwenye mfuko uliofungwa. Zipashe moja kwa moja kutoka kwenye barafu, ndani ya oveni ya nyuzi 180 kwa dakika sita hadi nane. Moto huo huulainisha tena wanga wa ndani na kulikausha ganda. Tosta inafanya kazi hiyo vizuri pia, mradi iwe haijawahi kuchoma mkate wa ngano.