Ján Mucha na Kazi ya Kusubiri

Mechi mbili za Ligi Kuu ya England katika misimu mitatu. Hayo ndiyo mavuno ya kipa Ján Mucha pale Everton, na shabiki anayehesabu mechi tu atasema Mslovakia huyu alipotea njia. Mimi naona tofauti. Ukitaka kuelewa kwa nini makipa wengi huishia kuwa makocha wa makipa, na kwa nini baadhi yao huifanya kazi hiyo vizuri, maisha ya Mucha yanafundisha zaidi kuliko ya kipa maarufu aliyecheza kila Jumamosi.

Winga asiye na namba anaweza kuingia dakika ya 70 akabadili mchezo. Kipa hana bahati hiyo. Nafasi ni moja, na anayeishika hatoki mpaka aumie, apewe kadi nyekundu au aharibu mfululizo hadi kocha achoke naye. Kwa hiyo kipa wa pili hujifua wiki nzima kwa mechi ambayo karibu ana hakika hataicheza, halafu siku ikimfikia hakuna anayemwonea huruma kwamba amekaa muda mrefu bila mechi.

Mucha alizaliwa mwaka 1982 Belá nad Cirochou, mashariki ya Slovakia, na mwaka 2005 alitoka Žilina kwenda Legia Warsaw ya Poland. Kipa wao Artur Boruc alikuwa amehamia Celtic, lakini lango halikuwa wazi: kijana Łukasz Fabiański alilichukua yeye, na Legia wakatwaa ubingwa wa 2005/06 huku Mucha akiwa benchi. Wote hao walipita mikononi mwa kocha mmoja wa makipa, Krzysztof Dowhań, ambaye Wapoland wanamheshimu kwa kutoa makipa kizazi baada ya kizazi. Fabiański alipouzwa Arsenal mwaka 2007, Mucha alikuwa tayari, na msimu uliofuata Legia walichukua Kombe la Poland kwa kuwafunga Wisła Kraków kwa penalti.

Slovakia, nchi iliyojitenga na Wacheki mwaka 1993, ilikuwa haijawahi kufuzu Kombe la Dunia kwa jina lake. Tarehe 14 Oktoba 2009 walihitaji ushindi Chorzów, Poland, uwanja ukiwa umefunikwa na theluji. Wapoland wakajifunga dakika ya tatu. Zilizobaki zilikuwa dakika 87 za kulinda bao la kuokota mbele ya watu wa nchi ambayo Mucha alikuwa akilipwa mshahara, na mpira ukaisha 1-0.

Kisha ikaja Afrika Kusini. Tarehe 24 Juni 2010, uwanja wa Ellis Park, Johannesburg, Slovakia walikutana na Italia, mabingwa watetezi. Wengi wanakumbuka mabao mawili ya Róbert Vittek. Mimi niliyatazama malango. Upande wa Italia hakusimama Gianluigi Buffon, aliyeumia mgongo katika mechi ya kwanza, bali Federico Marchetti, kipa wa akiba aliyetupwa kwenye moto. Upande wa pili alisimama Mucha, aliyekwisha kumaliza kusubiri kwake Warsaw. Dakika ya 81 Antonio Di Natale alipofanya iwe 2-1, Fabio Quagliarella alikimbilia wavuni kuuchukua mpira ili mchezo uanze upesi. Mucha akaukumbatia. Wakasukumana, wakaanguka, wote wawili wakapewa kadi za njano. Uungwana haukuwepo pale, lakini sekunde zilikwenda. Kamil Kopúnek, aliyekuwa ndiyo kwanza ameingia, akaufuata mpira wa kurusha na kuubetua juu ya Marchetti: 3-1. Quagliarella naye akambetulia Mucha kutoka mbali, na hata baada ya hapo Simone Pepe alikosa bao la kusawazisha. Italia wakaenda nyumbani.

Siku nne baadaye, Durban, Uholanzi walishinda 2-1, na bao la pili linafaa kuonyeshwa kwenye kila mafunzo ya makipa. Mpira mrefu wa adhabu ulipigwa nyuma ya mabeki, Mucha akatoka, Dirk Kuyt akauwahi kwa kichwa, akampasia Wesley Sneijder mbele ya lango tupu. Uamuzi wa kutoka haukuwa wa kijinga. Tatizo ni kwamba kipa akishaamua kutoka lazima aufikie mpira, hata kwa ncha ya kidole. Akiukosa, amelihama lango bila faida. Kipimo hicho hakijifunzwi kwa kudaka mashuti 100 kila asubuhi. Kinatokana na mechi halisi, zenye mabeki wanaokimbia ovyo na mshambuliaji usiyemjua kasi yake.

Na mechi halisi ndizo alizokwenda kuzikosa. Januari ya mwaka huo, kabla ya Kombe la Dunia, alikuwa amekwisha kukubaliana na Everton. Kwa maoni yangu aliharakisha: kipa aliyekuwa na miezi michache tu kabla ya kuonekana na dunia nzima angesubiri kidogo, hasa yeye aliyejua kusubiri. Pale Goodison Park alimkuta Tim Howard, Mmarekani ambaye alifikisha mechi 210 mfululizo za ligi bila kukosa hata moja. Howard alipoumia mgongo, Machi 2013, ndipo Mucha akaingia dhidi ya Reading na Everton wakashinda 3-1. Wiki moja baadaye, robo fainali ya Kombe la FA, Wigan walimfunga mara tatu ndani ya dakika kama nne, moja ikiwa zawadi ya pasi mbovu ya kurudisha nyuma. Wiki iliyofuata akasimama tena langoni, Manchester City wakachapwa 2-0. Howard akarudi, mkataba ukaisha, hadithi ikafungwa.

Baada ya hapo alizunguka Urusi, akarudi kwao Slovan Bratislava, akadakia hata timu ya Nieciecza, kijiji cha Poland chenye watu wasiofika 1,000 lakini kilichopata klabu ya ligi kuu. Alipoacha kucheza, alirudi Legia kuwa kocha wa makipa.

Kazi hiyo zamani haikuwa na mwenyewe. Kocha msaidizi yeyote alimpigia kipa mashuti mwisho wa mazoezi. Sheria ya mwaka 1992 ilichangia sana kubadili mambo, ilipomkataza kipa kudaka mpira aliorudishiwa makusudi kwa mguu na mwenzake. Ghafla kipa alitakiwa kucheza kwa miguu kama beki, na akahitaji mwalimu wake. Wapo makipa waliokwenda mbali zaidi: Dino Zoff aliifikisha Italia fainali ya Euro 2000, na Nuno Espírito Santo na Julen Lopetegui wamefundisha klabu kubwa. Lakini ni wachache, maana kipa hufanya mazoezi pembeni na wenzake wawili watatu, wakati mbinu za timu zinapangwa upande wa pili wa uwanja.

Ndani ya kundi hilo dogo la mazoezi, kocha humfundisha anayecheza pamoja na asiyecheza, na wote wanajua nani amechaguliwa. Aliyechaguliwa haleti taabu sana. Kazi iko kwa yule wa pili, anayefika Jumatatu asubuhi akiwa hajagusa mpira Jumapili, na ambaye lazima ajirushe kwenye matope kana kwamba kesho ni zamu yake. Mucha alikaa upande huo miaka miwili Warsaw, akazawadiwa lango, na miaka mitatu Everton, akazawadiwa wiki mbili. Akimwambia kijana kwamba zamu yake inaweza kuja, au isije, anasema yote mawili kwa ushahidi.